Risala ya Wahitimu wa Fani ya Ufundi Vyuma kwa Mgeni Rasmi: Plaizi ya Shamba la Zabibu

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu na wakufunzi wetu,
Wazazi na walezi,
Wadogo zetu tunaowaachia karakana,
Mabibi na mabwana, mbukwenyi!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Pili, tunakushukuru wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kukaa nasi chini ya turubai hili, katika joto la Novemba la Dodoma, mvua ikiwa bado haijaonyesha dalili. Karibu sana. Jisikie uko nyumbani.

Sisi wahitimu tuliosimama mbele yako ni 23, wasichana 6 na wavulana 17. Kwa miaka miwili tumejifunza kuchomelea, kukereza, kufua chuma na kusoma michoro. Idadi ya mashine, majengo na matokeo ya mitihani yamo katika taarifa ya Mkuu wa Chuo, utasomewa baada ya hapa. Kwa ruhusa yako, risala hii tunaielekeza kwenye kitu kimoja tu, kile kilichofunikwa kitambaa chekundu hapo mezani kwako.

Ndugu Mgeni Rasmi, mimi ninayesoma risala hii nimezaliwa Mpunguzi, barabara ya Iringa. Mama yangu analima zabibu ekari moja. Wenyeji wa hapa mnajua kwamba mzabibu wa Dodoma unavunwa mara mbili kwa mwaka, na kila baada ya mavuno unapogolewa. Ndipo nguzo zilizoliwa na mchwa zinapong'olewa na nyingine kusimikwa, na nyaya zilizolegezwa na uzito wa vichala zinakazwa upya. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa wanaifanya akina mama, na wengi wao wanaifanya kwa panga na jiwe. Waya unalazwa juu ya jiwe, unapigwa panga. Usipokatika, unakunjwa huku na huku mpaka uchoke, ukatike wenyewe.

Msimu mmoja waya ulikatika hivyo ukiwa bado umevutwa kwenye nguzo. Ncha iliruka ikampasua mama kope ya jicho la kulia. Jicho tunashukuru lilipona, lakini kovu lipo mpaka leo. Ncha ya pili ya waya ule nilikuwa nimeishika mimi.

Tulichanga fedha tukamnunulia plaizi mjini. Ilikuwa nzuri kwa macho, yenye mipini ya plastiki nyekundu. Haikumaliza hata kazi ya upogoleaji mmoja. Ukiinyanyua juani ukatazama makali yake unaona vishimo vya mviringo vimejipanga, kila kimoja na saizi ya waya uleule. Waya ndio ulioikata plaizi. Mwaka wa kwanza mkufunzi wetu alipotutaka kila kundi lichague zana moja ya kubuni, niliileta plaizi ile darasani, na wenzangu wakakubali tuanzie hapo.

Tulianza na hesabu. Plaizi ni nyenzo mbili zinazokutana kwenye egemeo moja, yaani pale katikati zinapozungukia. Katika mchoro wetu, mkono unabana sentimita 18 kutoka kwenye egemeo, na makali ya kukatia yako sentimita 1.8 upande wa pili. Kwa hiyo nguvu ya mkono inafika kwenye waya ikiwa imeongezeka mara 10. Ncha ya taya iko sentimita 6 kutoka kwenye egemeo, na pale inaongezeka mara 3 tu. Ndiyo sababu plaizi yoyote iliyobuniwa vizuri hukatia karibu na egemeo na kushikia mbele. Waya laini wa chuma wa milimita 2.5, kwa hesabu tulizofundishwa za ukinzani wa chuma, unahitaji nguvu ya karibu kilo 160 ili ukatike. Ukigawa kwa 10 unapata kilo 16 za kubana. Hizo mama yangu anazo. Kama makali yangekuwa sentimita 6 mbele, angehitaji zaidi ya kilo 50 kwa kiganja kimoja, na hizo hana, wala wengi wetu hapa hatuna.

Kabla ya kugusa chuma tulichonga plaizi ya mti, tukaipeleka shambani. Nilidhani tungesifiwa. Mama aliishika, akaifungua, akaniangalia. "Mwanangu, mkono wangu haufiki." Mipini ilikuwa imefunguka mno, na vidole vyake vilikuwa vinaigusa kwa ncha tu. Sote tulikuwa tumepima kwa viganja vya wavulana wa karakana. Tukarudi tukachora upya: ikifunguka kwa ajili ya kukata, mipini isiachane zaidi ya sentimita 8, na ikifunga ibaki nafasi ya sentimita 4 ili isibane nyama ya kiganja. Kipimo hicho ndicho kilichobadilisha mengine yote, mpaka unene wa kichwa.

Plaizi ya kwanza ya chuma tuliifua kwa nondo, kwa sababu nondo ndiyo iliyokuwepo. Tuliipasha moto ikawa nyekundu, tukaizimisha, yaani tukaizamisha kwenye maji ingali ya moto, tukasubiri iwe ngumu. Haikuwa. Tupa iliila kama mti. Nondo za kawaida zina kaboni kidogo, na chuma chenye kaboni kidogo hakikomai hata ukizimishe mara mia. Mkufunzi alikuwa anajua, akatuacha tujionee.

Ya pili tuliifua kwa springi ya gari, zile bapa za nyuma ya lori. Chuma chake kina kaboni ya kutosha. Safari hii tulikosea kwenye maji. Ilipozama tulisikia mlio mdogo, kama wa glasi, na ufa ukatokea kutoka kwenye tundu la egemeo mpaka kwenye taya. Kazi ya wiki tatu iliishia hapo. Tangu siku hiyo springi tunaizimisha kwenye oili, ambayo inapoza taratibu kuliko maji. Joto lake tunalijua kwa sumaku: chuma kikiiva kiasi cha kutonaswa na sumaku, tunaongeza joto kidogo, ndipo tunazamisha.

Hapa naomba niseme jambo linalowahusu wadogo zetu. Mwenzetu mmoja alipasha motoni bomba la maji lililopakwa zinki ili atengenezee mipini. Ulitoka moshi mweupe, akauvuta. Usiku alishikwa na homa na kutetemeka kama mwenye malaria. Alipata nafuu siku iliyofuata, na yuko hapa kati yetu. Chuma chenye zinki kisiingie motoni kabla zinki haijaondolewa. Tumeliandika hilo kwa rangi nyeupe kwenye ukuta wa jiko la kufulia. Tafadhali msilifute.

Ndugu Mgeni Rasmi, sehemu iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ni ile ambayo haionekani. Kichwa cha plaizi yetu kina uso wa nyundo upande mmoja, kwa ajili ya kupigilia misumari ya U kwenye nguzo. Makali ya kukatia yanataka ugumu. Uso wa nyundo hautaki ugumu huohuo, kwa sababu chuma kigumu mno kikigongwa kinamenyeka, na kipande kinarukia usoni. Kwa hiyo chuma kimoja kinatakiwa kiwe na tabia mbili. Baada ya kuzimisha tunasugua kichwa kwa msasa mpaka king'ae, kisha tunakipasha polepole kuanzia upande wa nyundo, na kutazama rangi inavyotambaa juu ya chuma: manjano ya majani makavu, halafu hudhurungi, zambarau, na mwisho buluu. Rangi ya manjano ikifika kwenye makali, joto la pale likiwa karibu nyuzi 230, upande wa nyundo umeshakuwa buluu, karibu nyuzi 300. Hapohapo tunazamisha. Ukichelewa kidogo tu, makali nayo yanakuwa buluu na unaanza upya. Mwenzetu aliyekuwa na jicho la kazi hii ni msichana mmoja wa Bahi, na plaizi zote sita tulizokamilisha zimepita mikononi mwake.

Egemeo nalo lilitusumbua. Mwanzoni tulifunga kwa boliti na nati. Nati ililegea, makali yakaachana upana wa karatasi, na waya badala ya kukatika ukajipenyeza katikati ukapinda. Sasa tunatumia ribiti inayopigiliwa ikiwa ya moto, huku mwingine akifungua na kufunga mipini mpaka ipoe. Ikiisha tunaielekeza juani. Mwanga ukipenya kati ya makali, kazi haijaisha.

Katika mchoro wa kwanza zana hii ilikuwa na kazi tisa. Ilikuwa na bisibisi kwenye ncha ya mpini, spana, kisu cha kupogolea, na hata springi ya kuifungua yenyewe. Tumeviondoa vyote hivyo. Bisibisi ilichoma kiganja wakati wa kubana. Kisu cha kupogolea kinataka makali membamba, ambayo waya unayaharibu kwa siku moja. Springi ya kujifungulia ilijaa mchanga ikakwama. Kuna aliyetushauri tuongeze namna ya kufungia nondo, kwa kuwa ujenzi umeshamiri jijini na kule Mtumba. Ushauri ulikuwa wa nia njema, lakini fundi wa nondo ana koleo lake, na linamfaa. Zimebaki kazi tano: kushika, kukata, kukaza, kupigilia na kung'oa.

Kukaza ndiko kunakowafurahisha akina mama. Ubavu wa kichwa tumeupa mviringo. Unashika waya kwa taya, unaegemeza mviringo ule kwenye nguzo, unalaza mpini, na waya unavutika wenyewe bila kuuzungushia mkononi. Kwa mdomo mwembamba wa upande wa pili unang'oa msumari wa U kwenye nguzo iliyoliwa na mchwa, unautumia tena kwenye nguzo mpya.

Hatudai kwamba tumevumbua. Seng'enge ya miba aliyoipatia hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, Joseph Glidden huko Marekani ni ya mwaka 1874, na wafugaji wa huko wana plaizi za uzio zenye nyundo na mdomo wa kung'olea tangu zamani. Tulichofanya sisi ni kuipima upya kwa kiganja cha mkulima wa Mpunguzi, na kwa chuma kinachopatikana Dodoma. Ilikaa shambani kwa mama msimu mzima wa upogoleaji. Makali hayana kishimo hata kimoja.

Pamoja na hayo, Ndugu Mgeni Rasmi, tunazo changamoto. Springi chakavu hazifanani. Hujui iliyoko mkononi ilikuwa ya gari gani, wala kama ina ufa ndani, na plaizi mbili zimetuvunjikia kwa sababu hiyo baada ya kazi yote kukamilika. Tunakuomba utusaidie chuo kipate chuma kipya ambacho aina yake inajulikana. Hili ndilo ombi letu kubwa. La pili, tanuri dogo la umeme lenye kipimajoto, ili wadogo zetu wasitegemee jicho la mtu mmoja anayehitimu leo. La tatu, utuunganishe na SIDO, ambao tangu mwaka 1973 kazi yao ni viwanda vidogo, na tupate nafasi kwenye maonesho ya Nanenane pale Nzuguni, mkulima aishike zana hii kabla ya kuinunua.

Tunaomba pia jambo moja liwekwe wazi kwa kila atakayeitumia. Mipini tumeivika tyubu ya baiskeli ili isiteleze kwenye jasho. Haizuii umeme. Plaizi hii ni ya shamba, isiguse waya wa umeme hata mara moja.

Tunawashukuru wakufunzi wetu waliotuacha tukosee na wasituache tukate tamaa. Tunawashukuru wazazi kwa ada, nauli na uvumilivu. Mama yangu yupo, amekaa mstari wa tatu, amevaa kitenge cha kijani.

Ndugu Mgeni Rasmi, chini ya kitambaa chekundu utaikuta plaizi ya sita, na pembeni yake waya wa milimita 2.5 uliotoka shambani Mpunguzi. Miwani ya kinga ipo pia, tunaomba uivae kwanza. Kabla ya hotuba yako tunakuomba uukate waya huo, na ncha ya pili ataishika mama.

Tunaomba kuwasilisha.