Jamvi la Mita 10 kwa 8 Linakula Mifuko Mingapi ya Saruji?

Wateja wengi hufika dukani kwetu na idadi ya mifuko waliyotajiwa na fundi. Mchanga na kokoto wameshaagiza kwa tripu, na hawajui tripu hiyo ina ujazo gani. Zege linakatika katikati ya kazi, vibarua wamesimama.

Tuchukue jamvi, yaani sakafu ya zege ya chini, la mita 10 kwa 8, unene sentimita 10. Ujazo wake ni mita 8 za ujazo. Kwa jamvi la chini la nyumba ya kawaida tunashauri 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Usigawanye 8 kwa 7 (jumla ya 1, 2 na 4) moja kwa moja. Mchanga huzama kwenye mianya ya kokoto, saruji nayo kwenye mianya ya mchanga, kwa hiyo vifaa vikavu vinahitajika zaidi: zidisha 8 kwa 1.54, upate kama 12.3. Hiyo ndiyo unayogawanya kwa 7, upate fungu moja la kama mita za ujazo 1.76; saruji ni fungu moja, kwa takriban lita 35 kila mfuko. Utahitaji mifuko 51 ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 3.5 na kokoto 7. Ongeza asilimia 5 ya upotevu, saruji ifike mifuko 54.

Nguzo na mihimili hupewa 1:1.5:3, karibu mifuko 8 kwa kila mita ya ujazo. Slabu ya ghorofa fuata mchoro wa mhandisi, usikisie.

Pale saiti, acheni kupima kwa koleo, kwa sababu koleo la asubuhi na la saa tisa alasiri hayalingani. Mfuko mmoja una ujazo wa takriban lita 35. Kwa 1:2:4, kila mfuko uende na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20 zilizosawazishwa mdomoni. Mchanga wenye unyevu huvimba, hivyo ndoo yake hubeba mchanga pungufu, ongeza kidogo.

Maji ndiyo yanayotuuma zaidi. Lita 25 hadi 28 kwa mfuko zinatosha. Zege la uji humwagika kirahisi, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu na nguvu inashuka. Likishashika, limwagilie maji siku 7 mfululizo.

Kabla lori halijamwaga, pima bodi lake kwa futi ya kupimia (tepu): urefu, upana, kina cha mchanga. Tuletee vipimo vya jengo lako, tutakupigia hesabu bure kabla hujanunua chochote.