Kwa swahiba aliye Leipzig, kuhusu kamera ya filamu

Tanga

Swahiba,

Salamu nyingi. Huku mvua zimeanza na kila kilichofungiwa kabatini kinanuka ukungu, kwa hiyo swali lako la kamera limekuja wakati wake. Unataka kamera ya filamu ya milimita 35, ile ambayo unatazama kupitia lenzi yenyewe, bei iwe ndogo, na mwisho wa masomo urudi nayo nyumbani. Hilo la kurudi nalo ndilo linaloamua mengi.

Kwanza isahau Pentax K1000. Si mbaya. Ilitengenezwa toka 1976 hadi 1997, wanafunzi wa picha kila mahali wakaambiwa wainunue, na umaarufu huo sasa unaulipia wewe. Pentax KM ya 1975 ni mashine ileile, tena ina saa ya kujipiga mwenyewe na kitufe cha kuangalia kina cha fokasi (sehemu ya picha itakayoonekana kali) kabla ya kupiga, vitu ambavyo K1000 ilipunguziwa ili iuzwe rahisi. Lakini jina la KM halivumi, basi mara nyingi bei yake iko chini. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwenye kamera za mtumba kinachojiuza ni jina.

Hapo ndipo Ujerumani inapokufaa. Tafuta kamera zilizoandikwa Revueflex au Porst. Hayo ni majina ya wenye maduka waliokuwa wakiagiza kamera viwandani, nyingi Japani kwa watu kama Chinon na Cosina, kisha wakabandika chapa yao. Nyingi zina mdomo (mahali lenzi inaposhikia) wa K, uleule wa Pentax, kwa hiyo lenzi za Pentax, Ricoh na Chinon zinaingia. Nyingine zina M42, mdomo wa skrubu wa milimita 42. Hakikisha kwa macho: wa K unazungusha kidogo lenzi inanasa, wa M42 unazungusha kama mfuniko wa chupa. Chagua mdomo kabla ya mwili wa kamera, maana mwili utakufa siku moja na lenzi zitabaki.

Huko uliko Praktica nazo zimejaa, zilitengenezwa Dresden jirani yako. MTL 3 na MTL 5 zina M42 na shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga kwenye filamu) ya chuma inayofanya kazi hata bila betri. Ni nzito, zinagonga kama mlango wa daladala, lakini bei yake ni ya kucheka. Ikija na lenzi ya Domiplan, hesabu kwamba umenunua mwili tu. Ile lenzi vibamba vyake vya tundu, vinavyopanua au kubana njia ya mwanga, hukwama mno.

Kuhusu betri, sikiliza kwa makini. Kamera nyingi nzuri za zamani, kama Minolta SRT 101 na Olympus OM-1, mita yake ya mwanga ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, na betri hizo hazitengenezwi tena. Ukitia ya kawaida ya volti 1.5, mita huona mwanga mwingi kuliko uliopo, nawe unapata negativu hafifu, yaani zilizokosa mwanga. Na kadiri betri inavyochoka, kosa nalo linahama. Zipo betri za vifaa vya masikio namba 675 zinazokaribia volti ile, ila hudumu miezi michache tu. Wewe nunua kamera inayotumia LR44, ile ya vikokotoo, hata Tanga iko kwa fundi saa. Canon AE-1 inatumia ya volti 6, na bila hiyo shata haifunguki kabisa.

Sasa ukiwa nayo mkononi sokoni. Nenda na betri mpya mbili, tochi ndogo na simu. Fungua kifuniko cha betri kwanza: ukiona unga wa kijani au mweupe, kidogo husafishika kwa siki na kijiti cha pamba, lakini ukishaingia kwenye nyaya, iache. Fungua mlango wa nyuma, vua lenzi, elekeza kamera dirishani. Vuta wenzo wa kusogeza filamu, piga kwa spidi ya 1/1000 ya sekunde. Unatakiwa uone mwanga umemulika fremu nzima. Upande mmoja ukibaki mweusi, shata imechoka. Kisha teremka hadi sekunde 1. Grisi kuukuu hugandia hizi spidi za polepole kwanza, utasikia gia zinajikokota au kioo cha ndani, kile kinachokuonyesha picha, kinabaki juu. Rekodi video ya simu kwa fremu 240 kwa sekunde: kwa 1/30 shata iwe wazi kama fremu 8, kwa 1/60 fremu 4. Ikizidi fremu moja au mbili, filamu ya negativu itasamehe. Fremu zikifika mara mbili ya hapo, rudisha. Spidi ya 1/1000 simu haiwezi kuipima, hapo tegemea macho.

Mita ijaribu dirishani, kisha izibe kwa kiganja. Sindano isipocheza na betri ni mpya, bei ishuke sana. Kamera ya kimakanika bado itapiga. Kwa jua kali la huku, filamu ya ISO 200 weka tundu f/16 na spidi 1/250. Mtu akiwa kivulini, fungua tundu hatua tatu, hadi f/5.6, usoni pasije pakawa giza tupu.

Sponji nyeusi kwenye mifereji ya mlango, na ile inayopokea kioo kikipanda, karibu zote zimeoza zikawa kama lami. Hilo lisikutishe, bali litumie kupunguza bei. Zitoe kwa vijiti vya meno na spiriti, bandika mpya nyembamba au uzi mweusi wa sufi. Ila chembe zisidondokee shata, na spiriti isiguse kioo cha fokasi, kinachafuka moja kwa moja.

Lenzi ndiyo nitakayokukagulia bila huruma. Fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma, tazama kwa mshazari. Vumbi si neno. Mkwaruzo mdogo mbele si neno; wa nyuma unaonekana zaidi kwenye picha. Nyuzi kama za buibui ni fangasi: usichukue hata ya bure, hewa ya pwani itaikuza na inatafuna mipako ya kioo. Vibamba vya tundu viwe vikavu na viruke papo hapo ukivigusa. Vyenye mafuta huchelewa kufunga na picha zinaungua kwa mwanga. Pete ya kufokasi ikiwa ngumu, grisi imekauka, na fundi anataka pesa.

Anza na milimita 50 ya f/1.8 au f/2. Ukipenda ya pili, chukua 28 au 135, zote rahisi. Zumu za zamani za 70–210 ziache: zina giza unapotazama ndani ya kamera na vioo vingi ndani, yaani vyumba vingi vya kupangisha fangasi.

Neno "ungeprüft" (haijajaribiwa) kwenye tangazo lisome kama "mbovu" na ulipe hivyo. Pesa inayobaki nunua filamu hukohuko. Safarini zibebe mkononi, omba zikaguliwe kwa mkono, kwani mashine mpya za eksirei za CT uwanjani huziharibu, na mizigo ya chini ni hatari zaidi. Kamera ije kwenye mfuko wa plastiki na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.

Ukipata unayoitaka, usilipe kabla hujanitumia picha tatu: nyuma ikiwa wazi, chumba cha betri, na lenzi ikimulikwa tochi.

Wako,
swahiba wa Tanga