Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaojiandaa Kuandamana kwa Ajili ya Gaza

Wanangu vijana wa Mji wa Kale, na wenzenu wa Majengo, Kisauni na Likoni mtakaoungana nao siku ya Ijumaa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mmeniletea rasimu ya tamko mnalokusudia kulisoma baada ya sala ya Ijumaa, mkaniomba nilitie saini kwa niaba ya wazee wa mtaa. Nimelisoma kwa utulivu, na sehemu yake kubwa naiunga mkono bila kusita. Hata hivyo zimo aya mbili ambazo siwezi kuziwekea jina langu, na katika mabango mliyonionyesha limo moja ambalo naomba lisitoke kabisa nje ya chumba lilimochorwa. Nimeona niwajibu kwa barua ya wazi kwa sababu maneno hayo hamkuyatunga peke yenu. Nimeyasikia barazani, nimeyasikia kwenye feri ya Likoni, na, jambo la kusikitisha zaidi, nimeyasikia hata kwenye baadhi ya mimbari.

Nianze na tunalokubaliana, asije mtu akasema mzee ameiuza Palestina. Kwa hesabu ya wizara ya afya ya Gaza, vita iliyoanza Oktoba 2023 imeua zaidi ya watu 60,000, wakiwamo watoto kwa maelfu. Afrika Kusini iliishitaki Israel mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na Januari 2024 mahakama hiyo ikaiamuru Israel ichukue hatua za kuzuia vitendo vya mauaji ya kimbari na kuruhusu misaada iingie. Novemba 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kuwakamata Benjamin Netanyahu, waziri mkuu wa Israel wakati huo, na Yoav Gallant, aliyekuwa waziri wake wa ulinzi, na siku hiyohiyo ikatoa hati dhidi ya kamanda mmoja wa Hamas. Mambo haya yana tarehe, yana majina na yana nyaraka. Mnayo haki ya kuyatangaza kwa sauti yote mliyonayo.

Tamko lenu lakini limeruka jambo moja. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas na wenzao waliingia Israel wakaua watu wapatao 1,200 na kuchukua mateka wapatao 250. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania, wa umri kama wenu, waliokwenda kujifunza kilimo, na mwili wa mmoja wao ulikaa Gaza hadi Novemba 2025 ndipo uliporejeshwa. Nawaomba muiandike siku hiyo. Hakuna Mpalestina atakayepungukiwa na haki yake kwa sababu vijana wa Mombasa wamewataja na waliokufa upande wa pili, na Suratul Maida, aya ya 8, imetukataza wazi kuacha uadilifu katika ushahidi kwa sababu ya kuwachukia watu.

Sasa nije kwenye bango. Lina picha ya Adolf Hitler, na chini yake pameandikwa kwamba aliwabakiza Wayahudi wachache ili dunia ipate kujua kwa nini aliwaua wengine. Maneno hayo Hitler hakuyasema. Ni ya kubuniwa, yakatembea kutoka simu hadi simu mpaka yakawafikia nyinyi. Wala hakumbakiza mtu. Aliwaua Wayahudi wapatao milioni 6, na walionusurika walinusurika kwa sababu majeshi yake yalishindwa mwaka 1945 kabla hajawamaliza. Katika vita hiyo wazee wetu waliovaa sare za KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakapelekwa Uhabeshi, Madagascar na Burma, walikuwa upande uliompinga.

Na lau mngejua alivyotuona sisi! Katika kitabu chake aliandika kwamba mtu mweusi ni nusu nyani tangu kuzaliwa. Mwaka 1937 utawala wake uliwakamata watoto wa Kijerumani waliozaliwa na baba Waafrika au weusi wengine katika eneo la mto Rhine, ukawapasua kwa siri wasije wakazaa.

Yuko mtu wa kwetu ambaye habari zake zimehifadhiwa. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari mwenye asili ya Sudan aliyelitumikia jeshi la Wajerumani, naye mwenyewe akaingizwa jeshini angali mtoto wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alifika Berlin, na mojawapo ya mambo aliyoyafuata huko ni mishahara ya baba yake na yake ambayo Wajerumani walikuwa hawajailipa. Hakuipata. Akabaki hukohuko, ambako walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Akahudumu mezani, akaigiza sehemu ndogondogo katika filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaoa mwanamke wa Kijerumani, akapata watoto. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa bila kesi kwenye kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, na Novemba 1944 akafia humo. Mwislamu, mzaliwa wa Dar, mwalimu wa lugha hii ninayowaandikia, tena aliyewahi kuvaa sare ya Ujerumani: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomwokoa. Mbele ya nyumba moja mjini Berlin limewekwa chini kijiwe cha shaba chenye jina lake, cha aina ileile inayowekwa mbele ya nyumba za Wayahudi waliochukuliwa na utawala uleule. Kijana atakayeinua picha ya Hitler Ijumaa, ajue kwamba anainua picha ya mtu ambaye dola yake ilimmaliza Mahjub.

Katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki kiongozi aliyejitokeza hadharani kumsifu Hitler ni Idi Amin. Septemba 1972 alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, telegramu ya kuyasifu mauaji ya Wayahudi. Muda uleule Wahindi wa Uganda walikuwa wakihesabu siku 90 alizowapa waondoke, wakiacha maduka na nyumba zao. Baadaye akaipiga marufuku dini ya Kiyahudi, na marufuku hiyo ikawaangukia Abayudaya, wakulima wa vijiji vya karibu na Mbale ambao dini hiyo waliipokea kutoka kwa Semei Kakungulu, Mganda mwenzao, mwaka 1919. Watu hao hawakuwa na mwanajeshi hata mmoja Sinai wala Gaza. Mwaka 1976, makomando wa Israel walipowaokoa mateka Entebbe na ndege zao zikatia mafuta Nairobi, bibi kizee aliyekuwa mmoja wa mateka hao na kuachwa hospitalini Kampala aliuawa, na Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda wakauawa kwa mamia kulipiza kisasi. Wakenya hao hawakutia mafuta ndege yoyote. Kosa lao lilikuwa uraia wao tu, na tazameni jinsi safari ilivyokuwa fupi kutoka kumsifu Hitler hadi kufika kwetu.

Aya yenu ya tatu inasema kwamba Wayahudi wote, popote walipo, wana damu ya Gaza mikononi mwao. Sisi watu wa Pwani ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ililipuliwa kwa kuwa ilipokea wageni kutoka Israel. Walikufa Waisraeli 3, wawili kati yao wakiwa watoto, na Wakenya 10, wengi wao wakiwa wacheza ngoma waliokuwa wamejipanga kuwalaki wageni. Mnaukumbuka vizuri msako uliofuata. Na nyinyi msiokuwa mmezaliwa, waulizeni baba zenu ilikuwaje kuvaa kanzu na kusimamishwa barabarani. Aprili 2014 Wasomali wa Eastleigh walisombwa kwa maelfu, wazee, wajawazito na wenye vitambulisho halali, wakafungiwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani kwa makosa ya watu wasiowajua. Tulilalamika kwamba dini na kabila si ushahidi wa jinai. Tulisema kweli, na kweli hiyo haibadiliki kwa kuwa safari hii anayetuhumiwa ni Myahudi.

Isitoshe, si kweli kwamba Wayahudi wana kauli moja. Oktoba 2023, wiki tatu tangu vita ianze, mamia ya Wayahudi wa New York walikaa chini katika stesheni kuu ya treni wakidai vita isitishwe, wakakamatwa na polisi. Julai 2025 shirika la haki za binadamu la Israel lenyewe, B'Tselem, lilitoa ripoti iliyoyaita matendo ya nchi yao Gaza mauaji ya kimbari, neno ambalo baadhi ya serikali za Kiarabu huliogopa. Tukirudi nyuma zaidi, katika mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, Denis Goldberg alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Mandela mwaka 1964, na Ruth First aliuawa Maputo mwaka 1982 kwa bomu lililofichwa ndani ya barua iliyotumwa na makaburu. Hao wote walikuwa Wayahudi. Wale mnaowataka wasimame nanyi mmewafukuza kwa sentensi moja.

Aya ya tano, inayodai kwamba Wayahudi wamekula njama ya kuzishika benki, magazeti na serikali za dunia, sitaijadili kwa urefu. Asili yake inajulikana: ni kitabu cha kughushi kilichochapishwa Urusi mwaka 1903, kinachojifanya kumbukumbu za mikutano ya siri ya wazee wa Kiyahudi. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha, ukurasa kwa ukurasa, kwamba kiliibwa kutoka kitabu cha Kifaransa kilichoandikwa kumkejeli Napoleon III, ambacho hakikuwa na Myahudi ndani yake. Uongo wa Ulaya, wa kuwachongea watu wa Ulaya, hauna sababu ya kusomwa Mombasa kwa lafudhi ya Kimvita.

Na maneno haya hayabaki kuwa maneno. Tarehe 2 Oktoba 2025, siku ambayo Wayahudi hufunga na kuomba toba, mtu mmoja aliwashambulia waumini kwenye sinagogi la Manchester, na wawili kati yao wakapoteza maisha. Hapa kwetu liko sinagogi Nairobi, lililokuwapo tangu zama za ukoloni, na wanaosali humo hawajatupa bomu popote. Nikisikia kijana anapiga kelele kwamba Wayahudi watoke Kenya, nashindwa kujua anamkusudia nani isipokuwa hao. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisimama jeneza lilipopita, na alipoambiwa kuwa ni la Myahudi akauliza: kwani si nafsi?

Kuna wenzenu wa upande mwingine wanaobandika bendera ya Israel kwenye matatu na kuliona kila kombora kuwa ni unabii unatimia, hata baada ya makanisa ya Gaza yenyewe kupigwa. Nao wanastahili barua yao, na ningefurahi zaidi ikiandikwa na mzee wa kanisa kuliko mimi.

Najua baadhi yenu mtasema kwamba katikati ya maafa kama haya mzee anapima maneno. Napima, ndiyo. Balozi au mhariri asiyependa kuzungumzia Gaza atatafuta kitu kimoja tu katika maandamano yenu, na ile picha ya Hitler itampa kichwa cha habari bila jasho; maelfu ya watoto mliokuja kuwasemea hawatatajwa hata kwa mstari mmoja.

Basi ombi langu ni hili. Aya ya tatu na ya tano ziondolewe, na mahali pake pawekwe majina: serikali ya Israel, Netanyahu na Gallant waliotolewa hati, majeshi yake, na mataifa yanayoiuzia silaha. Tarehe 7 Oktoba itajwe pamoja na wale vijana wawili wa Tanzania. Bango lichanwe, na watakaosimamia utaratibu wa maandamano wapewe idhini ya kumtoa mstarini atakayeleta lingine kama hilo, awe mtoto wa nani. Mkinirejeshea tamko likiwa hivyo kabla ya alasiri ya Alhamisi, nitalitia saini na nitatembea nanyi kutoka msikitini kwa kadiri magoti yatakavyoniruhusu. Likirudi kama lilivyo, nitakuja kusali Ijumaa kama kawaida yangu, kisha nitakwenda nyumbani.

Wassalamu,

Mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa