Uzi wa Soksi kwa Asiyefuma Soksi: Utafanya Nini na Gramu 100?

Swali tunaloulizwa sana dukani ni hili: "Huu uzi ni mzuri, lakini mimi sifumi soksi. Nitaufanyia nini?" Mtu ameshaushika, ameugusisha shavuni, rangi zimemkaa moyoni, halafu anasoma neno soksi kwenye karatasi yake na kuurudisha rafuni. Tunaumia kidogo kila tukiliona hilo, kwa sababu kati ya nyuzi zote tunazouza, huu ndio unaokubali kazi nyingi zaidi. Kinachohitajika ni kuujua ulivyo.

Uzi wa soksi wa kawaida una sufu ya merino asilimia 75 na nailoni asilimia 25. Sufu inaleta joto na ulaini. Nailoni inaleta uimara ili kisigino kisitoboke mapema. Ni mwembamba: bonge la gramu 100 lina mita 400 hadi 425, wakati akriliki nene ya sweta ya uzito huohuo huwa na nusu ya hapo. Kwa hiyo bei ikikushtua, hesabu mita kabla ya kuhesabu shilingi. Na sufu ina sifa moja ambayo akriliki haina: hunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla ya ngozi kuhisi imelowa. Anayekamua ng'ombe alfajiri kule Kinangop, miguu ikiwa ndani ya gambuti, anaijua thamani ya hilo bila kuelezwa.

Kwa hiyo soksi tusizidharau. Kwa mguu wa mwanamke, vitanzi 64 kwenye sindano za milimita 2.25 au 2.5 vinawatosha wengi. Kama sindano zako ni za vipimo vya zamani vya Uingereza, namba 13 ndiyo milimita 2.25, kumbuka huko namba ikipanda, sindano inazidi kuwa nyembamba. Jambo la kuzingatia ni kwamba soksi lazima iwe ndogo kuliko mguu. Mguu wenye mzunguko wa sentimita 23 unataka soksi ya sentimita 20 na nusu hivi, ivutike kidogo, isijikunje ndani ya kiatu. Soksi inayocheza kiatuni ndiyo inayotoboka.

Lakini tuseme soksi huzitaki kabisa. Kazi ya kwanza tunayompendekezea mtu ni shali ya pembetatu. Unaanzia katikati ya shingo kwa vitanzi vichache, unaongeza vinne kila baada ya safu mbili, na unaendelea kushuka hadi uzi ukwishe. Hakuna kipimo cha kukosea, hakuna mkono wala kola. Chukua sindano nene kuliko zilizoandikwa kwenye karatasi: milimita 4, yaani namba 8 ya zamani. Ukiufuma uzi huu kwa sindano za soksi utapata kitambaa kigumu kinachosimama chenyewe. Ukiufuma kwa milimita 4 unalegea, unateleza begani, na bonge moja linakupa shali ya kufunika mabega na kufunga kifuani.

Hapa kuna hesabu inayowachanganya wengi, na tunaomba uisome kwa makini. Kwa kuwa kila safu ni ndefu kuliko iliyotangulia, uzi hauishi kwa mwendo mmoja. Ukiwa umefuma robo tatu za safu zote, umetumia zaidi kidogo ya nusu ya uzi, gramu 56 hivi. Robo ya mwisho ya safu inameza gramu 44 zilizobaki. Ndiyo maana mtu anatazama bonge lake, anaona bado ni kubwa, anaanzisha urembo mpana wa ukingoni, halafu uzi unamkatikia safu tatu kabla ya kumaliza. Dawa yake ni mizani ndogo ya jikoni. Pima uzi kabla ya safu, pima tena baada yake, na bakisha angalau gramu 5 za kufungia ukingo. Ukimaliza, loweka shali robo saa kwenye maji vuguvugu, ikamue kwa kuikunja ndani ya taulo, kisha itandaze juu ya godoro na kuibana kwa pini ikiwa imenyooshwa. Matundu ya urembo yanafunguka hapo, si kabla. Wapo wanaokata tamaa na shali iliyojikunyata kwenye sindano, kumbe ilikuwa inasubiri maji tu.

Suala la rangi nalo linatuletea malalamiko, na mengi ni ya haki kwa sababu picha iliyo kwenye karatasi haisemi yote. Kuna nyuzi zilizotiwa rangi ili zijipange michirizi zenyewe unapofuma. Michirizi hiyo imepimwa kwa mzunguko wa soksi. Chukua mfano wa uzi wenye mita 8 za bluu kabla ya kuingia njano. Mzunguko mmoja wa vitanzi 64 unatumia sentimita 70 hivi, kwa hiyo unapata mizunguko kumi na moja ya bluu, mchirizi mzuri unaoonekana. Uzi huohuo ukiutia kwenye mwili wa sweta ya mtu mzima, mzunguko mmoja unakula zaidi ya mita tatu; bluu inakuwa ya safu mbili na nusu, na mwisho wake unaangukia ubavuni popote pale. Kwenye shali, michirizi inaanza minene shingoni na kukonda kadiri unavyoshuka. Wengine wanaipenda sura hiyo, nasi tunaipenda, ila ni vizuri uijue kabla hujalipa. Kwa kazi pana chagua rangi moja, au uzi wenye madoa madogo yaliyotawanyika. Nyuzi za michirizi ziwekee kazi nyembamba: soksi, mikono ya sweta ya mtoto, kofia, glavu.

Glavu zisizo na vidole ndizo tunazowapendekezea wanaotaka zawadi ya haraka. Gramu 50 zinatosha jozi nzima, yaani bonge moja linavika watu wawili. Mpe kijana wa bodaboda anayetoka nyumbani Limuru saa kumi na moja asubuhi mwezi wa Julai, uone kama atazivua. Fuma kifundo kirefu, sentimita 8 au zaidi, kipite chini ya mkono wa jaketi, maana upepo unaingilia pale. Na fuma kwa kukaza, sindano za milimita 2.5, hapa ugumu wa kitambaa ni faida.

Kwa mtoto mchanga, bonge moja linatoa kofia, soksi, na mara nyingi kizibao kidogo pia. Kichwa cha mtoto anapozaliwa kina mzunguko wa sentimita 35 hivi, kwa hiyo kofia ya vitanzi 88 kwa sindano za milimita 3 inamkaa vizuri na kumvutikia miezi ya mwanzo. Usiweke riboni za kufunga shingoni.

Sasa ninyi wa krosheti, mnaotuambia uzi huu ni wa watu wa sindano mbili. Si kweli, ila mna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, krosheti hula uzi zaidi, takriban theluthi moja juu ya sindano mbili kwa eneo lilelile, hivyo mkiiga shali ya mtu wa sindano mbili ongezeni bonge. La pili, krosheti hutoa kitambaa kinene. Soksi za krosheti ni nzuri za kuvaa ndani sebuleni, lakini kwenye kiatu cha ofisi zinabana. Penye ubora wake ni blanketi la miraba: ndoano ya milimita 3 na nusu, mraba wa mizunguko minne au mitano, kila mmoja kwa rangi yake, kisha unaunganisha yote kwa rangi moja, kijivu au maziwa. Huhitaji kununua uzi wote siku moja.

Vitambaa vya makochi, hata hivyo, tunakukataza. Tunajua sebule nyingi zinavidai, na tunavipenda vikiwa vyeupe vimenyooka kwenye mgongo wa kiti. Kazi hiyo ni ya uzi wa pamba. Pamba inakubali wanga na maji ya sukari, ikikauka inasimama na kila petali la ua linaonekana. Sufu haishiki wanga namna hiyo. Italegea na kuteleza nyuma ya kochi kila mgeni akiegemea. Tutakuuzia pamba kwa furaha.

Mabaki usitupe. Gramu 10 zinatengeneza visigino na ncha za rangi tofauti kwenye soksi zijazo. Nyuzi mbili za mabaki ukizishika pamoja zinakuwa unene wa uzi wa sweta ya kawaida, na kwa sindano za milimita 4 zinatoa kofia nzito ya mchanganyiko wa rangi ambayo hakuna mwingine atakayekuwa nayo. Vijana wanaoziita mavini wanazigombania.

Kuhusu kufua, soma karatasi kwanza. Sufu iliyotibiwa ili isigande, yaani nyuzi zake zisishikamane zikifuliwa, inavumilia mashine kwa nyuzijoto 30 au 40, na pia kufuliwa kwa mkono, kwa sabuni ya maji. Isiyotibiwa ukiifikicha kwa maji ya moto itaganda na kusinyaa, na hakuna fundi atakayeirudisha. Lakini hata iliyotibiwa ina tabia yake: ikilowa inarefuka. Usiianike kwenye kamba ikining'inia. Ilaze juu ya taulo kivulini. Na ukinunua bonge zaidi ya moja kwa kazi moja, linganisha namba ya mtungo, yaani mkupuo mmoja wa kutia rangi, iliyochapwa kwenye karatasi zote, kwa sababu nyekundu ya mtungo huu na nyekundu ya mtungo ujao hazilingani juani.

Kama bado huna uhakika, njoo na kazi unayoifikiria au tutumie picha yake pamoja na vipimo: urefu wa wayo kwa soksi, mzunguko wa kichwa kwa kofia, upana unaoutaka kwa shali. Tutakuambia ni gramu ngapi hasa. Nyuzi zinazokuja katika mashada tunakuzungushia kuwa bonge bila malipo, na bonge ambalo halijafunguliwa, karatasi yake ikiwepo, tunalipokea na kukubadilishia.