Shoga, kaongee na Mama Pacha

Shoga yangu,

Salamu kwanza, nisije nikaambiwa sina adabu. Sisi hatujambo. Mkubwa yuko kwenye umri wa kuuliza "kwa nini" mpaka usingizini, mdogo ameanza kukaa bila kuegemezwa, baba yao anakusalimu. Nanyi? Haya, salamu zimeisha.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia. Unauliza kama kweli sitakuja tukutane sote kwa sababu ya Mama Pacha. Si kwa sababu yake. Ni kwa sababu pacha hawajachanjwa surua, hata dozi moja, na mimi nina mtoto wa miezi sita. Hayo ni mambo mawili, na naona yanachanganywa makusudi, hasa na Dada Mkubwa, ambaye tangu zamani akiona moshi hukimbilia mafuta ya taa.

Halafu wewe nawe ukamalizia, "Kila mtu na mtoto wake." Neno hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika. Ungesema hivyo kuhusu pepopunda ningenyamaza, kwa sababu ile hutoka kwenye udongo na kuingia kidondani, haimrukii jirani. Surua je? Virusi vyake huelea hewani, na mgonjwa akishatoka chumbani vinaweza kubaki humo hadi saa mbili. Weka watu 10 wasio na kinga karibu naye, kama 9 watapata. Kibaya zaidi, huanza kuambukiza siku 4 hivi kabla vipele havijatoka, wakati ambapo kinachoonekana ni mafua, kikohozi na macho mekundu. Nani kati yetu amewahi kughairi safari kwa mafua ya mtoto?

Wangu dozi yake ya kwanza ni akitimiza miezi tisa. Nilimwuliza nesi kama tunaweza kuwahi, akasema mara nyingi huwahishwa kukiwa na mlipuko, na hata hapo bado atarudia zile mbili za kawaida. Kinga aliyotoka nayo tumboni mwangu huweza kuizuia chanjo isishike vizuri, na kinga hiyohiyo inazidi kupungua kila mwezi. Yaani yuko katikati, ya mama inamwisha na ya sindano hajaipata. Wanaomkinga kwa sasa ni wale wanaomzunguka, basi. Ndiyo maana wataalamu husema surua inazuilika pale watoto 95 katika kila 100 wanapopata dozi zote mbili. Sasa niambie hapo "kila mtu na mtoto wake" inakaaje.

Usidhani simwelewi Mama Pacha. Hana upumbavu wowote, na Dada Mkubwa angeacha kumwita hivyo tungekuwa tumeshafika mbali. Yeye alimwona mtoto wa ndugu yake akipoteza maneno muda si mrefu baada ya chanjo, kisha wakaambiwa ni usonji. Ningekuwa yeye, nami ningeshtuka. Ila dalili za usonji mara nyingi huanza kuonekana katika umri uleule wa chanjo hizi. Uvumi wenyewe, kwamba chanjo ya surua huleta usonji, ulipata nguvu mwaka 1998, daktari Andrew Wakefield alipoandika katika jarida la The Lancet kuhusu watoto 12. Watoto 12 tu, shoga! Mwaka 2010 jarida likaifuta makala hiyo, naye akaondolewa kwenye rejista ya madaktari wa Uingereza. Baadaye Denmaki walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, waliochanjwa na wasiochanjwa, na waliochanjwa hawakuonekana kupata usonji zaidi. Nilimtumia Mama Pacha yote hayo. Akanijibu kwa kidole gumba. Unakijua kidole gumba chake.

Wala sisemi sindano haina lake. Mkubwa wangu alipochomwa ya surua alikuwa anakitazama kikaratasi ukutani, kilio kikaja pamba imeshatupwa. Homa nayo haikuja siku ile, ilikuja kama wiki moja baadaye, usiku, nilipokuwa nimeshasahau. Nesi alikuwa ameniambia, la sivyo ningechanganyikiwa. Mara chache homa kama hiyo huleta degedege, na mama ana haki ya kuambiwa hilo mapema badala ya kufokewa "peleka mtoto".

Sijui kama nimewahi kukusimulia habari za Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, na mwaka 1977 akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa maambukizi ya kawaida. Mtu anafanya kazi hospitalini na chanjo anaikwepa, eti sindano itamuuma! Akapona. Miaka mingi baadaye akawa anazunguka kuwashawishi wazazi wachanje watoto polio, akiwasimulia yaliyompata yeye mwenyewe. Huyo nani angemwita mjinga?

Ndiyo maana nakuomba wewe. Wewe uliyemchelewesha wa kwanza wako mpaka kadi ya kliniki ikabaki na miraba mitupu, kwa woga, kisha ukampeleka. Mimi nikimwendea Mama Pacha anaona mwalimu kaja. Usimtumie makala, usimtaje Dada Mkubwa. Mwulize tu anaogopa nini hasa, halafu msindikize. Pacha hawajachelewa, aliyeikosa utotoni huchanjwa hata akiwa mkubwa. Wakichanjwa tukangoja wiki mbili tatu kinga ishike, mimi nitakuwa wa kwanza kufika. Au tukutane uwanjani, nje, labda... hapana, pacha na uwanja nawajua, watakuwa wamembeba mdogo wangu kabla sijashuka.

Sasa nijibu. Utaongea naye lini? Ni yeye anayekataa au ni shemeji? Maana huyo sijawahi kumsikia akitoa neno. Alikuonyesha kadi zao, wana chanjo nyingine zozote? Na wa pili wako amepata dozi ya pili ya surua, au ndiyo yale ya mtoto akishaanza kutembea kliniki inasahaulika? Kisha lile begi langu la nguo za kichanga liko kwako au kwa Dada Mkubwa? Kama liko kwake, mwache nalo, sitaki kumpigia simu wiki hii.

Wako,
Mama Maswali