Barua ya wazi kwa kaka yangu: nunua Contra, na padi ya pili ya kuchezea ununue siku hiyohiyo

Shikamoo kaka. Wifi na watoto hawajambo huko Mwanza? Sisi huku Mtwara wazima, na Mama anakusalimu sana.

Umeniuliza kama Contra, ile gemu yetu ya kupiga risasi iliyotolewa upya, inafaa kuwanunulia wanao. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu swali hilo si lako peke yako. Wengi tuliokuwa nao kwenye mabanda ya gemu pale Chikongola sasa wana watoto, na wote wanataka kujua. Jibu langu ni ndiyo, nunua. Ila kuna mambo uyajue kabla hujatoa hela.

Kampuni ya Konami iliitoa mwaka 2019 kwa jina la Contra Anniversary Collection, na inachezeka kwenye PlayStation 4, Xbox One, Nintendo Switch na kompyuta. Ndani yake kuna gemu kadhaa: ya mashine za sarafu ya 1987, yetu ya Nintendo ya zamani ya 1988, Super C, ya Game Boy, Contra III ya 1992 na Hard Corps ya 1994, pamoja na baadhi ya matoleo ya Japani na Ulaya. Kuna na kitabu chenye historia yake, kisome usiku watoto wakishalala.

Ya mashine za sarafu iruke. Najua ndiyo ya kwanza kuzaliwa na inastahili heshima, lakini kioo chake ni chembamba na kirefu, kila kitu kimebanana, na steji zinaisha kabla hujapata mwendo. Walipoihamishia Nintendo waliitanua, na hapo ndipo ikawa ile unayoikumbuka.

Anza na ya Nintendo, toleo la Kijapani. Nakuomba sana uanze na hilo. Kaseti yao ilikuwa na chipu ya ziada ambayo ya Marekani haikuwa nayo, kwa hiyo miti ya msituni inayumba kwa upepo, na kwenye steji ya barafu theluji inapeperuka kweli. Kati ya steji na steji unaonyeshwa ramani ya kisiwa. Hadithi yenyewe imerudi mahali pake pia: mwaka ni 2633, kimondo kilishaanguka kwenye visiwa vya Galuga karibu na New Zealand, na askari wawili, Bill na Lance, wanatumwa kulikabili jeshi la Red Falcon, viumbe kutoka anga za mbali. Kitabu cha maelezo cha Wamarekani kiliyahamishia mambo hayo Amerika Kusini, katika siku zetu hizi, na kwa kufanya hivyo walipunguza utamu. Ninachokipenda kuliko vyote ni jinsi ugeni wa viumbe wale unavyokuja polepole. Unaanza na askari wa kawaida kwenye majani, unaingia ngomeni, unapita barafuni, halafu mwisho unajikuta ndani ya kuta zinazopumua, unaupiga risasi moyo. Hakuna anayekueleza kwa maneno. Unaona tu kwamba umeshafika pabaya.

Sasa ugumu wake. Risasi moja, umekufa, na bunduki yako inakwenda nawe. Uliyekuwa na S, zile risasi tano zinazotawanyika, unarudi na bunduki ya kuanzia huku maadui ni walewale. Wanao watalia. Wafundishe kubonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A; wakiwa wawili, wabonyeze Select kabla ya Start. Yanakuwa maisha 30 badala ya 3. Aliyeubuni mpangilio huo ni Kazuhisa Hashimoto, kwa ajili ya gemu nyingine ya Konami, Gradius, ya 1986, kwa sababu ilikuwa inamshinda yeye mwenyewe wakati wa kuijaribu. Alifariki mwaka 2020, na kila mtoto anayevuka steji ya pili kwa vidole vile anadaiwa dua kwake.

Siku hizi unaweza pia kuhifadhi mchezo popote. Enzi zetu umeme ukikatika tukiwa barafuni tulirudi msituni, basi hilo nalishukuru. Lakini watoto wafiche jambo hilo kwanza. Mtoto anayehifadhi kila baada ya kuruka shimo hajifunzi kusoma risasi zinatoka wapi, na utamu wote wa Contra uko hapo. Kwenye Hard Corps wape toleo la Kijapani, maana unavumilia kupigwa mara tatu. La Marekani linaua kwa pigo moja, na bila huruma. Kama wifi hapendi waone watu wakipigana, waanzishe na Probotector, matoleo ya Ulaya ambako wapiganaji ni maroboti.

Kasoro inayoniuma ni moja. Hawakuweka njia ya wawili kucheza kwa intaneti. Gemu hii ilijengwa kwa watu wawili, kaka. Angalia steji ya maporomoko ya maji: kioo kinapanda na aliye juu, na aliyebaki chini anakufa hata kama hajaguswa na risasi. Kwa hiyo lazima muongee, nani aruke kwanza, nani asubiri, S inayokuja ni ya nani. Sijaona gemu nyingine iliyowafundisha watoto kusubiriana kwa namna hiyo. Walioitoa upya walikuwa na nafasi ya kuniunganisha mimi wa Mtwara na wewe wa Mwanza, wakaiacha. Ni kosa kubwa, na nalisema kwa uchungu.

Ndiyo maana nasisitiza padi mbili. Ukinunua moja watacheza kwa zamu, na kwa zamu Contra inakuwa gemu ngumu tu ya kukasirisha. Mkubwa aambiwe mapema asikimbilie juu pale maporomokoni.

Na Desemba mkija, mashine mje nayo. Tivi ya sebuleni ina tundu la HDMI, ukiibeba mashine na waya wake inatosha.

Mdogo wako.