Kamera ya 20,000 na kamera ya 85,000: tunachokutoza ni nini?

Juzi tena kuna mteja katuandikia kwamba tumempiga. Alinunua kwetu kamera ya kompyuta kwa shilingi 85,000, halafu akapita mitaa ya Kariakoo akaona "ileile" inauzwa 20,000. Malalamiko haya tumeyazoea, hasa tangu tuanze kuuza laptopu za mtumba zenye Linux (mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows), kwa sababu mwenye Linux ndiye anayeumia zaidi akikosea kununua kamera. Basi tueleze hapa mara moja, tuache kubishana kaunta huku foleni ikisubiri.

Kwanza, acheni kuhangaika na draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa. Kamera ya USB inayofuata UVC, utaratibu wa pamoja wa kamera za USB, huhudumiwa na draiva iitwayo uvcvideo, na hiyo imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, tangu toleo la 2.6.26 la mwaka 2008. Unachomeka, unafungua programu ya picha, unajiona. Ndiyo maana boksi likiwa na sidii ndani, sisi hulitazama kwa jicho la pembeni. Si kila kamera yenye sidii ni mbovu, ila sidii ni ya Windows, na kamera isiyojiweza bila sidii kwenye Linux huna pa kuipeleka.

Pili, usiamini boksi. Boksi ni nguo tu; kamera yenyewe tunaijua kwa namba inayotoka tukiandika lsusb, amri ya Linux inayoorodhesha vifaa vya USB vilivyochomekwa. Logitech C270, kwa mfano, hujitaja 046d:0825. Kuna mwalimu wa masomo ya ziada alituletea kamera alizonunua mahali pamoja, maboksi yanafanana hadi picha ya dada anayetabasamu. Namba zilikuwa tofauti. Mbili zilifanya kazi, moja ikawa giza tupu, na muuzaji akamwambia mali ikishatoka dukani hairudi.

Baada ya namba tunaendesha amri nyingine, v4l2-ctl --list-formats-ext, kamera itaje yenyewe inatoa picha za ukubwa gani na kwa mfumo upi. Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua. Picha ghafi, isiyobanwa, ya mfumo wa YUYV, yenye nukta 1280 kwa 720, fremu 30 kwa sekunde, ni zaidi ya megabaiti 55 kila sekunde. USB 2.0 kwenye makaratasi ni megabiti 480, yaani megabaiti 60, na kwa matumizi halisi haifiki huko. Kwa hiyo kamera inayotoa YUYV peke yake itakupa fremu 10 hivi kwa ukubwa huo, na kwenye kikao utaonekana unaruka kama mkanda uliokwaruzwa. Tunataka kuona MJPG kwenye orodha, maana hapo kamera inabana picha yenyewe kabla ya kuituma. Na usiichomeke kwenye kigawanyio kimoja cha USB pamoja na flashi na hadi diski ya nje, halafu ukaja kulalamika.

Hata orodha hiyo inaweza kudanganya. Kuna kamera zimeandikwa 1080p, yaani nukta 1920 kwa 1080, wakati kitambuzi cha ndani ni cha 640 kwa 480, na kamera inaivuta picha tu ili ionekane kubwa. Sisi tunashika boksi la dawa mbele ya lenzi, tunasoma maandishi madogo kwa ukubwa mdogo, kisha kwa ule mkubwa. Herufi zikibaki na ukungu uleule, kamera hiyo haiuzwi kwetu. Katika kila mzigo tunaoletewa kuna tunazorudisha, na gharama ya kurudisha imo kwenye ile 85,000 yako.

Sasa njia ya mkato inayotuuma. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alikuwa na usaili kwa Zoom. Akanunua kamera ya barabarani, ikagoma. Fundi wa jirani akamwambia, "Linux haisomi kamera, nikupigie Windows kwa elfu kumi na tano." Akapiga kweli, akafuta diski nzima, data za utafiti zikiwamo. Alipotufikia tulifanikiwa kurudisha sehemu tu, na kazi ya kurudisha data bei yake si ya kamera. Kamera nayo, ndani ya hiyo Windows mpya, ilitoa picha ya matope. Usaili aliufanyia kwenye simu.

Wengine huja kurudisha kamera nzima kabisa. "Ina mistari inapanda na kushuka!" Hiyo ni taa, si kamera. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kamera nyingi huja zimewekwa hezi 60 kama Marekani. Tunaandika v4l2-ctl --set-ctrl=power_line_frequency=1, mistari inaisha ukiwa umesimama hapohapo, kisha tunaacha kanuni ndogo ya udev, sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinapochomekwa, ili ukichomoa na kuchomeka isisahau. Kwa mliyonunua kwetu, hiyo ni bure.

Kabla hujanunua ya nje, kagua kwanza ya laptopu. Tazama kifuniko cha lenzi na kitufe cha kuzima kamera, na kama kivinjari chako kimewekwa kwa snap (njia mojawapo ya kuweka programu kwenye Linux), hakikisha kimepewa ruhusa ya kamera. Mzee mmoja alikuja na pesa mkononi tayari kununua. Tukasogeza kifuniko kwa ukucha, akaenda zake na pesa yake. Isipokuwa baadhi ya laptopu za Intel za kizazi cha 12 zenye IPU6, mfumo wa Intel wa kuchakata picha za kamera: kamera zake hazipiti USB, na kuzihangaikia kwenye Linux ni kazi ndefu. Hapo tutakushauri ya nje bila aibu.

Kamera uliyonunua kwingine tunaipima kwa 5,000, na ukiamua kuchukua yetu tunaikata kwenye bei. Njoo na laptopu yako mwenyewe pamoja na chaja, tupime humo humo utakamoitumia. Na tafadhali, boksi usilitupe hadi siku 14 za kurudisha ziishe.